UZI: Pete Drake wa Nashville, stili iliyotamka maneno na kazi kubwa nyuma ya waimbaji

MzeeSanturi:
Wakuu, kwenye nyuzi za muziki wa kantri humu tunawajadili waimbaji tu: Jim Reeves, Don Williams, Tammy Wynette, Dolly Parton. Wapiga vyombo wa studio hawatajwi, na ndio waliotengeneza ile sauti tunayoifahamu kabla mwimbaji hajafungua mdomo. Naomba uzi huu uwe wa mmoja wao, Pete Drake, mpiga gitaa la stili.

Jina lake kamili ni Roddis Franklin Drake. Alizaliwa Augusta, Georgia, tarehe 8 Oktoba 1932, na baba yake alikuwa mhubiri wa Kipentekoste. Kaka yake Jack alipiga besi kwenye bendi ya mwimbaji Ernest Tubb, Texas Troubadours. Aliyemvuta Pete kwenye stili ni Jerry Byrd, aliyekuwa akipiga stili ya kulaza isiyo na pedali, kwa usafi wa noti ambao mpaka leo watu wanausoma. Miaka ya 1950 Drake alikuwa Atlanta na bendi yake, na humo walipita vijana ambao baadaye wote walipata majina: Jerry Reed, Joe South, Roger Miller. Mwaka 1959 akahamia Nashville.

Mwaka 1964 lebo ya Smash ikatoa "Forever", kibao ambacho gitaa lake linatamka maneno. Kilifika nafasi ya 25 kwenye chati kuu ya Billboard. Kwa chombo ambacho kawaida kinakaa nyuma ya mwimbaji, hilo ni jambo kubwa.

Hoja yangu naiweka mapema ili mnipinge vizuri: "Forever" ilimpa jina, ila ukubwa wa Drake haumo humo. Umo kwenye noti tano au sita alizoziweka nyuma ya mwimbaji na kisha akanyamaza. Ukimpima kwa kibao chake peke yake utamwona mtu wa kioja kimoja. Msikilize kwenye kazi za wengine ndipo utajua kwa nini watayarishaji hawakutaka kuingia studio bila yeye.

NyuziKumi:
Asante Mzee kwa kuleta mada. Kabla hatujafika mbali, tueleweke ni chombo gani, kwa sababu wengi wakisikia "gitaa" wanapiga picha ya gitaa la kuvaa begani.

Stili ya pedali ni kama meza nyembamba yenye miguu minne. Nyuzi 10, urefu wa uzi kutoka daraja hadi daraja ni karibu inchi 24. Hubonyezi uzi kwa kidole. Mkono wa kushoto unashika kipande cha chuma cha mviringo chenye uzito wa kati ya gramu 200 na 250, unakiteleza juu ya nyuzi. Mkono wa kulia una kucha ya plastiki kwenye gumba na kucha za chuma kwenye vidole viwili. Mguu wa kushoto unakanyaga pedali, magoti yanasukuma nyenzo zinazoning'inia chini, na mguu wa kulia unakaa kwenye pedali ya sauti muda wote.

Upangaji wa Nashville unaitwa E9. Kutoka uzi wa 1 hadi wa 10: F#, D#, G#, E, B, G#, F#, E, D, B. Mtaona nyuzi mbili za kwanza hazifuati mpangilio, ziko chini ya uzi wa 3. Hilo ni la makusudi, zinakupa noti za kupita za skeli bila kusogeza chuma.

Pedali A inapandisha B iwe C# (uzi wa 5 na 10). Pedali B inapandisha G# iwe A (uzi wa 3 na 6). Pedali C inapandisha uzi wa 4 kutoka E hadi F# na uzi wa 5 kutoka B hadi C#. Wenzo mmoja wa goti unapandisha E ziwe F, mwingine unazishusha ziwe D#.

Sasa tazameni utamu wake. Mnataka korda ya G, yaani noti zake zikilia pamoja? Weka chuma freti ya 3 (freti ni zile alama zilizokatiza chini ya nyuzi) bila pedali. Au freti ya 6 ukiwa na pedali A pamoja na wenzo wa F. Au freti ya 10 ukiwa umekanyaga A na B. Korda ileile, mahali patatu, kila mahali ina ladha yake. Wimbo wa G unaokwenda C na D: freti ya 3 wazi, halafu palepale kanyaga A na B umepata C, halafu telezesha mpaka freti ya 5 ukiwa bado umekanyaga, hiyo ni D. Mkono umetembea freti mbili tu.

Kile kilio cha kantri kinatoka hapo. Noti moja kwenye korda inapanda ilhali zingine zimesimama. Bud Isaacs ndiye aliyekifanya kijulikane kwenye "Slowly" ya Webb Pierce, iliyovuma 1954: alikanyaga pedali uzi ukiwa bado unalia, badala ya kuitumia kubadilisha upangaji kati ya wimbo na wimbo. Baada ya hapo wapiga stili wa Nashville wakaanza kufungua vyombo vyao na kuweka pedali. Drake alipofika 1959, mlango huo ulikuwa umeshafunguliwa miaka mitano.

MwanaKantri254:
Salaam kutoka Nakuru. Hapa kwetu Kenya kantri ni chakula cha Jumapili redioni, lakini nakiri hakuna mtangazaji aliyewahi kumtaja mpiga stili. Mzee, nakupinga kidogo. Wapiga stili hodari Nashville walikuwa wengi: Buddy Emmons, Lloyd Green, Weldon Myrick. Kwa ufundi wa mikono Emmons alikuwa juu yao wote. Bila "Forever" Drake angekuwa mmoja wa orodha. Ile stili inayotamka ndiyo iliyomtenga. Kwa hiyo kibao si kioja, ni mlango.

Na swali kwa mafundi: ile sauti ilitengenezwaje hasa? Wengine wanasema ni mtu anaimba kupitia mashine.

FundiAmpu:
Hapana kaka, hakuna anayeimba. Koo halifanyi kazi yoyote. Sauti ni ya gitaa tupu, mdomo unaichonga.

Njia yake ni hii. Gitaa linaingia kwenye amplifaya kama kawaida. Badala ya kupeleka mawimbi kwenye spika ya kabati, unayapeleka kwenye spika ndogo iliyofungwa ndani ya faneli. Kwa Drake ilikuwa spika ya karatasi ya inchi 8, na kifaa chenyewe alisaidiwa na Bill West, naye mpiga stili aliyesomea umeme na mume wa mwimbaji Dottie West. Mdomo wa faneli unaunganishwa na mpira angavu wa plastiki, na ncha ya pili ya mpira inaingia pembeni mwa kinywa cha mpigaji. Sauti ya gitaa inatokea ndani ya kinywa chake. Akiumba "a", "o", "i" kwa ulimi na midomo, gitaa linatoka na irabu hizo. Maiki iliyo mbele ya midomo ndiyo inayorekodi. Wazo la gitaa kutamka halikuanzia kwake, Alvino Rey alikuwa na stili yake inayotamka tangu 1939, ila kwa njia tofauti: mkewe alisimama nyuma ya jukwaa akiwa na maiki ya kooni.

Upungufu wa kifaa cha Drake ni nguvu. Spika ya karatasi ndani ya faneli haitoi sauti ya kutosha jukwaani. Ngoma ikianza tu, maiki inadaka ngoma kuliko mpira. Kwa hiyo ilikuwa mali ya studio. Bob Heil alipotengeneza toleo lenye nguvu mwaka 1973 alitumia yuniti ya honi, kama zile za vipaza sauti vya nje, ndipo likaweza kusimama kwenye kumbi kubwa.

Anayetaka kujaribu leo, azingatie haya:

Tumia yuniti ya honi, si spika ya kawaida. Mpira uwe na kipenyo cha ndani cha nusu inchi na usiwe mrefu kuliko unavyohitaji. Kila unapourefusha unapoteza sauti nyembamba, na maneno yanakuwa kama ya mtu mwenye mafua.

Kata besi kabla ya yuniti. Yuniti ya honi haikuumbwa kwa besi. Ukiipelekea noti nzito za uzi wa 10 kwa nguvu, kiwambo chake kinapasuka au koili inaungua. Unaanza kusikia mkwaruzo, halafu kimya.

Kama amplifaya ni ya valvu, usiiwashe hata dakika moja ikiwa haina mzigo kwenye tundu la spika. Watu wanachomoa spika ili wachomeke kifaa, wanasahau, wanapiga noti, na transfoma ya kutolea inaungua. Ohamu (kipimo cha ukinzani wa umeme) za yuniti zilingane na za tundu. Unayoanza nayo iwe ya wati chache.

Mpira ukae pembeni, upande wa magego, ncha ikiingia kiasi cha sentimita 3 au 4. Ukiuweka katikati ulimi hauna pa kwenda. Usichangie mpira na mtu, na uuoshe kila baada ya kazi kwa sababu mate yanajaa ndani na kuziba sauti.

NyuziKumi:
Nichangie upande wa kupiga. Irabu ni rahisi. Konsonanti ndizo zinazosumbua. "Forever" yenyewe inaanza na "f", ambayo ni pumzi tu, na gitaa halina pumzi. Lazima mpigaji apulize kidogo kama mtu anayenong'ona, bila kutoa sauti ya koo, halafu uzi uingie kwenye "o". Akichelewa, msikilizaji hasikii neno. "V" ni nafuu, gitaa lenyewe linalia wakati meno yamegusa mdomo. "P" na "b" ni taabu kwa sababu midomo haifungi vizuri pakiwa na mpira.

Na hapa ndipo stili inalishinda gitaa la kawaida. Mtu anapoongea, sauti yake haipandi kwa ngazi, inateleza. Chuma nacho kinateleza. Halafu pedali ya sauti: unaifunga kabla ya kudonoa, unadonoa, unaifungua polepole. Ule mdonoo wa ukucha unapotea, na noti inaanza kwa ulaini kama mtu anayefungua kinywa. Drake alikuwa na mguu wa kulia wa ajabu. Alicheza polepole, korda chache, nafasi nyingi kati ya noti. Mwenye haraka hawezi kutamka neno kwenye kifaa hiki.

MzeeSanturi:
Mwanakantri, mlango nakubali. Ila tazama mlango ulifungukia nani. "Forever" ilitungwa na Buddy Killen, na kundi la Little Dippers lilikuwa limeshaivumisha mwaka 1960. Drake hakuwa mtunzi. Kwa sheria ya Marekani, redio ya kawaida ikicheza wimbo inamlipa mtunzi na mchapishaji wake. Mpigaji halipwi senti kwa kuchezwa redioni, mpaka leo. Kwa hiyo kila kituo kilichoicheza kilikuwa kinamlipa Killen. Drake alibaki na sehemu yake ya mauzo ya sahani.

Sasa weka kando ya hapo kazi ya kila siku. Nashville sesheni moja ilikuwa saa 3, na kawaida walitarajiwa kumaliza nyimbo 4. Siku ina nafasi nne: saa 4 asubuhi, saa 8 mchana, saa 12 jioni, saa 4 usiku. Malipo yamepangwa na chama cha wanamuziki, na anayeteuliwa kiongozi wa sesheni analipwa mara mbili. Wimbo ukiuza milioni, mpigaji amelipwa kilekile. Ukikaa kabatini, amelipwa kilekile. Anayeitwa mara nyingi ndiye anayekula vizuri, na kinachomfanya aitwe ni kumaliza kazi bila kurudiarudia.

Ndiyo maana hawakuwa wakitegemea nota. Neal Matthews wa kundi la waimbaji la Jordanaires alianzisha utaratibu wa kuandika korda kwa namba mwishoni mwa miaka ya 1950, na Charlie McCoy na wenzake wakausambaza. Wimbo wa G unaokwenda C na D unaandikwa 1, 4, 5. Mwimbaji akisema ufunguo uko juu, tushuke mpaka F, karatasi haibadiliki. Mpiga stili anasogeza chuma freti mbili chini na maisha yanaendelea.

Drake aliuelewa uchumi huo kuliko wengi. Alifungua kampuni ya uchapishaji wa nyimbo, akaanzisha lebo ya Stop miaka ya 1960, baadaye First Generation. Huko ndiko alikotayarisha albamu ya Ernest Tubb ya 1979, "The Legend and the Legacy", kwa heshima ya bosi wa zamani wa kaka yake. Mtu wa kioja kimoja hafanyi hayo.

MwanaKantri254:
Hapo kwa malipo umenielimisha Mzee. Lakini George Harrison wa Beatles alimwita London kwa sababu gani kama si ile stili?

MzeeSanturi:
Kwa sababu ya Dylan. Fuata tarehe. Novemba 1967 Bob Dylan anamalizia "John Wesley Harding" Nashville. Karibu albamu nzima ni gitaa, harmonika, besi ya Charlie McCoy na ngoma za Kenny Buttrey. Nyimbo mbili za mwisho tu, "Down Along the Cove" na "I'll Be Your Baby Tonight", ndizo zenye stili, na ni ya Drake. Mwaka 1969 akarudi kwenye "Nashville Skyline". Ile stili ya "Lay Lady Lay" ni yeye. Harrison na Dylan walikuwa marafiki. Mwaka 1970 Drake akapanda ndege kwenda kupiga kwenye "All Things Must Pass". Sikiliza "Behind That Locked Door", stili iko mbele kabisa.

Ila nakupa haki yako: kifaa cha kutamka alikibeba London. Peter Frampton, aliyekuwa kijana tu kwenye sesheni hizo, alikiona kikifanya kazi mbele ya macho yake, na mwaka 1976 dunia nzima ikakisikia kwenye albamu yake ya jukwaani. Hivyo mlango wa "Forever" ulifunguka, ila waliopita ni wapiga roki.

Na safari hiyohiyo ilimletea kazi nyingine. Ringo Starr, naye wa Beatles, alitaka kufanya albamu ya kantri. Drake akamshawishi aje Nashville badala ya yeye kukaa miezi London. Mwisho wa Juni 1970 wakaingia Music City Recorders, fundi mitambo akiwa Scotty Moore, yuleyule aliyempigia Elvis gitaa, na "Beaucoups of Blues" ikarekodiwa kwa siku chache. Watu waliozoea nyimbo nne kwa saa tatu hawashangai.

NyuziKumi:
Kwa anayetaka kumsikia kwa karibu, anzeni na "Stand By Your Man" ya Tammy Wynette, iliyorekodiwa 1968 chini ya mtayarishaji Billy Sherrill. Msisikilize sauti ya Tammy kwa raundi moja. Fuateni stili. Kwenye beti anajibu mwisho wa mstari tu, Tammy akivuta pumzi. Hagusi neno hata moja. Kiitikio kinapoingia, stili inapanda juu pamoja na sauti, na wimbo mzima unanyanyuka. Halafu nendeni "He Stopped Loving Her Today" ya George Jones, 1980. Miaka 12 imepita, nidhamu ni ileile.

Makosa ya wanaoiga ni mawili. La kwanza, wanajaza. Stili ina mlio mrefu, kwa hiyo noti uliyopiga mwisho wa mstari bado inalia mwimbaji anapoanza mstari unaofuata. Lazima uizime: ubavu wa kiganja cha kulia unagusa nyuzi kabla ya kudonoa tena. La pili, wanakanyaga pedali ya sauti mpaka mwisho tangu mwanzo. Anza katikati, halafu uzi unapofifia wewe unaongeza. Noti inabaki na nguvu ileile sekunde kadhaa. Ukianza juu, huna pa kwenda.

SoloLaTanga:
Shikamooni wazee. Mimi napiga solo la kawaida. Stili ya pedali huku hata kuiona ni bahati. Naweza kuanzia wapi?

NyuziKumi:
Marahaba kijana. Anza na stili ya kulaza, bila pedali. Chukua gitaa la zamani, hata lenye shingo iliyopinda kidogo, halina shida. Tafuta daraja la kunyanyulia nyuzi, lile la chuma linalokaa juu ya daraja la kichwani, mpaka nyuzi ziwe karibu milimita 8 hadi 10 juu ya freti. Panga D G D G B D kutoka uzi mnene. Kutoka upangaji wa kawaida unashusha nyuzi tatu tu, wa 6, wa 5 na wa 1, kwa hiyo hakuna kinachokatika wala shingo haiongezewi mzigo. Wazi ni G, freti ya 5 ni C, ya 7 ni D, ya 12 ni G tena.

Chuma kikae juu ya waya wa freti kabisa, si nyuma yake kama unavyobonyeza solo. Kitazame kutoka juu, jicho lisimame wima, la sivyo utapiga chini ya sauti kila mara. Vidole vinavyobaki vya mkono wa kushoto viburuzwe nyuma ya chuma ili kuzima mlio wa upande ule. Mtikisiko wa mkono uje baada ya noti kukaa sawa. Ukiutikisa mapema unaficha kosa na sikio halijifunzi.

FundiAmpu:
Na siku utakayopata ya pedali, mkuu, kabla hujatoa hela, chomeka kipimasauti, piga uzi wa 8 pekee ambao pedali A na B haziugusi, kisha kanyaga A na B pamoja. Sindano itashuka kidogo, kwa sababu mwili wa gitaa unapinda chini ya mvuto. Senti chache (si hela, ni sehemu ya mia ya nusu toni) ni kawaida kwa mashine zote. Ikishuka sana, mbao imechoka, achana nayo. Geuza chini uangalie vijiti vya kuvutia: visiwe na kutu, na vile vichwa vya nailoni mwishoni visiwe vimekula uzi wa skrubu.

Usishangae G# zikipangwa karibu senti 14 chini ya kipimo. Ndivyo noti ya tatu ya korda inavyokaa tamu kwenye chombo kisicho na freti za kubonyeza.

Uzi wa 3 ndio utakaokukatikia kwanza. Ni wa inchi .011, umevutwa mpaka G#, na pedali B inauvuta tena mpaka A mamia ya mara kwa jioni moja. Unakatikia palepale unapopita kwenye kidole cha chuma cha daraja. Ukifunga mpya, safisha mfereji wa kidole hicho kwa msasa laini kabisa na tone moja la mafuta ya cherehani, na nunua nyuzi za .011 za mojamoja kumi kwa kila seti moja ya zingine.